Rangi Isiyopita Tanurini

Wanjiru aliponiomba niandike kumbukumbu za kazi yangu, jambo la kwanza nililojiuliza ni nani kamtuma. Ndivyo nilivyo sasa. Karakana yetu pale Wetherill Park, hapa Sydney, ilinizoeza kujiuliza hivyo kabla hata ya kusema ahsante. Wanjiru ni binti wa Kikenya anayekaa mapokezi, na kazi yake ni kupokea vitu vya kale vinavyoletwa kutengenezwa, pamoja na wenye vitu hivyo, ambao kwa kawaida ndio wamevunjika zaidi. Akaniapia kwamba hakutumwa. Alisema vijana wa kwetu wameongezeka pale ghalani, Wakenya, Wakongo, Watanzania wenzangu, wanafunga na kufungua makasha kutwa nzima, na wawili watatu wameanza kupanda ghorofani kujifunza ufundi. "Mathe, ukienda hivyo tu bila kutuachia kitu, tutakuwa tunauliza nani?" Maneno mazuri hayo, na maneno mazuri huwa nayaangalia mara mbili. Lakini nimekaa sebuleni kwangu Seven Hills tangu mniage, keki imeisha, na saa ya ukutani mliyonipa imeshaanza kuchelewa. Basi naandika.

Mimi ni Rukia, mzaliwa wa Tanga, na mpaka juzijuzi nilikuwa fundi wa vyombo vya udongo vya kale. Vyeo na mishahara sitaviandika. Cheo changu kilibadilishwa jina kila alipokuja meneja mpya, na kazi ikabaki ileile: mtungi unaletwa, unawekwa mezani, nami naanza kutouamini.

Nilianzia chini ghalani kama wengi wenu. Mume wangu alikuwa masomoni, na mimi nilikuwa nabadilisha mabasi asubuhi kwenda kufunga vitu vya watu ambao sikuwahi kuwaona. Siku ya kwanza nilikwenda na glavu nyeupe za pamba nilizozinunua mwenyewe, maana nilishaona kwenye televisheni watu wa makumbusho wamezivaa. Mzee mmoja mfupi, mwenye nyusi nene na aproni yenye madoa, akazitazama, akanivua moja baada ya nyingine bila kuomba ruhusa, akazitupa kwenye pipa la taka. Alisema pamba inateleza juu ya chombo kinachong'aa, na kwamba watu wenye glavu safi na nia njema wamevunja mitungi mingi kuliko matetemeko ya ardhi. Nioshe mikono, nivue pete, nishike kwa mikono mitupu. Kisha akanionya nisiinue mtungi kwa vishikio vyake, kwa sababu hapo ndipo unapovunjika kwanza, na ndipo wajanja wanapogundisha kwanza.

Huyo ndiye Thanasi, Mgiriki aliyekuja Sydney akiwa kijana, fundi mkuu wa vyombo. Akaanza kuniita ghorofani kila alipokuwa na mtungi mezani. Nilimshuku kwa miezi mingi. Mtu anayekufundisha bila kuombwa lazima ana anachokitafuta, na kweli alikuwa nacho: alitafuta macho. Yake yalikuwa yameanza kuchoka, na hakutaka watu wa ofisini wajue. Mimi nikamsomea nyufa, yeye akanifundisha maana yake, na hatukuwahi kulitaja jambo hilo kwa jina. Nikapelekwa masomoni, nikarudi na cheti, nikakuta bado ananivua glavu.

Alikuwa na taratibu zake, na nyingine mnazitumia mpaka leo bila kujua zilitoka wapi. Mwenye mtungi akaribishwe kukaa chumbani tunapouchunguza, lakini kiti chake kiwekwe mahali tunapoweza kuiona mikono yake. Uso umezoea kudanganya, Thanasi alisema, mikono bado inajifunza. Kabla ya kugusa chochote, jiulize ni nani atafaidika mtungi ukiwa wa uongo, na nani atafaidika ukiwa wa kweli. Ukikuta jibu ni mtu mmoja kwa maswali yote mawili, funga mlango uende ukanywe chai.

Vyombo vya Kigiriki ndivyo vilivyokuwa mapenzi yake, na ndivyo nilivyoanza navyo. Nataka mwelewe jambo moja kuhusu vyombo hivyo, kwa sababu yatakayofuata yote yanatoka hapo. Mgiriki wa kale, alipochora zile picha zake nyeusi, hakutumia rangi ya kawaida. Alichukua udongo, akauchuja mpaka ukawa laini kama krimu, akachorea huo. Kisha tanuri likapewa hewa, likanyimwa, likapewa tena, na pale alipochora pakatoka peusi panapong'aa, huku mwili wa mtungi ukirudi kuwa mwekundu. Weusi huo umeiva pamoja na mtungi. Sabuni haiutoi, asetoni, ile dawa ya kutolea rangi ya kucha, haiutoi.

Kwa hiyo Thanasi alikuwa na mtihani wake: pamba kidogo kwenye kijiti, imelowa asetoni, unaipitisha taratibu kwenye sehemu unayoishuku. Pamba ikibaki nyeupe, endelea kushuku mengine. Ikichafuka, kuna fundi wa juzi aliyepita hapo na brashi. Nilijionea mwenyewe kwenye mtungi wa bwana mmoja aliyeupenda sana kwa ajili ya farasi aliyechorwa tumboni mwake. Miguu ya farasi huyo ilikuwa mizuri kupita mwili wake, na mimi kitu kizuri kupita jirani yake hakinipi usingizi. Nikapitisha pamba. Mguu wa mbele ukahamia kwenye pamba, na nyuma yake ikabaki plasta nyeupe. Mwenyewe aliitazama ile pamba kwa muda mrefu, halafu akaniomba kwa upole niiache mitatu iliyobaki.

Kwa Wachina nilidhani nina ujuzi wa kuzaliwa nao. Kwetu pwani kuta za nyumba za kale na makaburi ya watu wakubwa zimepachikwa sahani za kauri kutoka China, na nyumba ya bibi yangu ilikuwa nayo moja juu ya mlango, nyeupe na bluu. Nilikua nikiamini China yote ni nyeupe na bluu. Pale karakana ndipo nilipokuta mitungi ya kijivu, ya hudhurungi, ya kijani kibichi, mingine ikiwa na umri wa kuizaa ile sahani ya bibi mara nyingi. Nikaanza kuiweka mezani ubavuni mwa ile ya Thanasi ili nione tofauti. Mgiriki hajui kunyamaza. Tumbo la mtungi wake limejaa watu: wanapigana, wanaoana, wanakunywa, na mara nyingine kaandika majina yao pembeni, na lake pia, asije akasahauliwa. Mchina wa kale anakuchorea mawingu, mawimbi, mnyama mwenye mkia usioisha, na unauzunguka mtungi wote bila kujua ulipoanzia. Hata mhuri wa chini haukusaidii sana, maana mafundi wa baadaye waliandika jina la enzi iliyopita kwa heshima tu, bila nia ya kumwibia mtu. Thanasi hakulikubali hilo kamwe. Alisema heshima ya namna hiyo polisi wana jina lake.

Jambo la mwisho kuhusu mafunzo yangu, nalo ndilo kubwa. Siku moja aliniletea chupa ya mafuta ya Kigiriki, nyembamba, ndefu, yenye ngozi nyeupe. Ilichorwa mwanamke ameketi karibu na kaburi, na vazi lake jekundu lilikuwa limebaki kivuli. Nikanyoosha mkono kuchukua kijiti cha pamba, kwa mazoea tu. Thanasi akanishika kiganja. Alisema hii nisiiguse hata kwa pamba kavu, kwa sababu nyingi ya rangi zake zilipakwa baada ya kuchomwa, hazikupita tanurini. Ilitengenezwa kwa ajili ya kaburi. Nikamuuliza kwa nini fundi hodari namna ile afanye kazi isiyodumu. Akajibu kwamba wafu hawaoshi vyombo.

Miaka ikaenda. Thanasi akastaafu akahamia Rooty Hill kwa binti yake, mimi nikakalia kiti chake, na Wanjiru akaajiriwa mapokezi. Ndipo wakaja wale ndugu wawili.

Wanjiru ndiye aliyeniletea habari yao, kabla hata hawajapanda. "Mathe, hao wawili ni brother na sister, lakini wamekuja na magari mawili. Na kila mmoja amekataa kukaa karibu na mwingine. Hii kitu si ya mtungi."

Walikuwa Wachina wa hapahapa Sydney, wamezaliwa hapa, watu wazima wenye mvi. Dada alikuwa Pauline, kaka yake Raymond. Walizungumza Kiingereza, mimi nayaweka maneno yao kwa lugha yetu. Marehemu baba yao, seremala wa samani, aliwaachia mtungi wa udongo wa kijivu, wenye tumbo pana, uliopakwa mawingu yanayojikunja, mekundu na meupe, na zambarau iliyofifia kati yake. Baba alipougua, mtungi ulihamia kwa Raymond. Baada ya mazishi Pauline akauona tena, akaona umefifia, si ule aliokua nao. Akaanza kuamini kwamba kaka yake ameuza wa baba na kuweka wa bandia mahali pake.

Hakuishia kuamini. Mtu mmoja alimwambia rangi ya kweli haitoki, basi siku moja, Raymond akiwa jikoni kuandaa chai, Pauline alilowesha pamba kwa maji akasugua wingu moja. Pamba ikawa nyekundu. Aliitia kwenye mfuko mdogo wa plastiki, na sasa aliutoa kwenye mkoba wake akauweka mezani kwangu, mbele ya kaka yake. Kwenye mtungi, mahali pa wingu lile, palikuwa na doa tupu la kijivu lenye upana wa kidole gumba.

Ukoo mzima ulikuwa umeshaambiwa. Kila mwaka ukifika msimu wa kusafisha makaburi, familia yao hukutana kwenye kaburi la baba, hufagia, huweka chakula na maua. Raymond hakuitwa tena. Alikuwa akienda siku inayofuata, peke yake, kufagia mahali palipokwisha kufagiliwa. Hilo alilisema mwenyewe, kwa sauti ya chini, alipoulizwa na mimi ni lini mara ya mwisho walikaa pamoja. Pauline akasema kwamba nikithibitisha mtungi ni wa bandia, basi hata hiyo siku inayofuata afadhali asiende.

Nitawaambia ukweli: nilimshuku Raymond. Mikono yake ilitulia mno. Nimeona wenye mitungi wakikuna magoti, wakizungusha pete, wakipapasa simu, na huyu aliiweka mikono juu ya mapaja yake kama mtu aliyeambiwa asubiri daktari. Lakini nilimshuku Pauline pia. Anayefika na ushahidi wake kwenye mfuko ana haraka ya kufika mahali. Nikajiuliza swali la Thanasi. Mtungi ukiwa wa kweli, Raymond anafaidika. Ukiwa wa uongo, Pauline atapata nini? Atapata kuwa na haki tu, na nimejifunza kwamba watu huipenda hiyo kuliko mitungi.

Nikachukua kijiti cha pamba, nikakilowesha asetoni. Nilitaka jibu langu mwenyewe, si lile la kwenye mfuko. Kabla ya kugusa, nikaupindua mtungi nione kitako chake, maana ndiyo desturi: chombo kilichotumika huchubuka chini kwa kuburuzwa. Kitako hiki hakikuwa na mchubuko wa matumizi. Nikamulika ndani. Hakuna mstari wa maji, hakuna mkwaruzo wa kata. Mtungi huu haujawahi kuwekewa kitu wala kuoshwa na mtu.

Kijiti kilikuwa kinanukia mkononi mwangu. Nikakiweka chini.

Nilikuwa nimekumbuka yule mwanamke mwenye vazi la kivuli, na kiganja changu kikishikwa. Wachina wa kale nao walizika wafu wao na mitungi, na mingi waliipaka rangi baada ya kuchomwa, baridi, kwa sababu ileile. Mtihani wa pamba ni wa vyombo vya wazima. Ukiupeleka kwenye chombo cha wafu, unapata jibu la uongo, na juu yake unapoteza kipande cha kitu ambacho hakuna atakayekirudisha.

Lakini kukumbuka si kuthibitisha, na mimi hata kumbukumbu zangu nazishuku. Nikausogeza mtungi chini ya hadubini. Juu ya mawingu, hapa na pale, kulikuwa na ukoko wa udongo mgumu, na ndani ya ukoko nyuzi nyembamba za mizizi iliyokauka. Wekundu ulikuwa unapita chini ya ukoko huo, unatokezea upande wa pili. Matapeli nao hugundisha udongo, hilo mlijue. Nikachukua chembe moja ndogo kwa ncha ya sindano, nikaiweka kwenye kisahani chenye asetoni, nikangoja nione kama ina gundi ya kuyeyuka. Haikuyeyuka. Nikarudia na chembe nyingine kutoka upande wa pili, maana ya kwanza ingeweza kuwa bahati yake.

Nikatoka koridoni nikampigia Thanasi Rooty Hill. Nikamweleza yote, doa, kitako, ukoko.

"Rangi iko juu ya udongo au chini yake?" akauliza.

"Chini."

"Basi unanipigia ili iweje?" Akakata simu. Ndivyo alivyokuwa akisifu.

Nilirudi nikawaambia. Mtungi ni wa kale, wa kaburini, na rangi ni ya kale vilevile, maana ilikuwapo kabla udongo wa kaburi haujaifunika. Imefifia kwa sababu hiyo ndiyo tabia yake, hupungua kwa mwanga, kwa unyevu, kwa vidole vya watoto. Maabara wangeweza kutupa umri wa udongo wenyewe, na baadaye walitupa, lakini kwa rangi nilikuwa nimeshatosheka, na mimi sitosheki haraka.

Raymond alivuta pumzi. Nilimtazama Pauline, nikitarajia angalau aone haya. Hamjui nguvu ya shuku, vijana wangu. Ukiifungia mlango huu, inazunguka nyumba na kuingia kwa dirisha.

"Basi ametafuta mwingine wa kale," Pauline akasema. "Si huu wa baba."

Hapo nilihisi hasira, ingawa sikuwa na haki nayo, maana mwanamke huyu alikuwa anafikiri kama mimi. Ilibaki taa ya zambarau. Mnaijua: unavuta mapazia, unawasha ile taa, na gundi ambazo jicho halizioni zinajitangaza, kila moja kwa rangi yake. Niliwaza kwamba mtungi uliokaa miaka yote hiyo katika nyumba yenye watoto lazima umewahi kuumia mahali. Nikavuta mapazia, nikawasha, nikauzungusha polepole kwenye kisahani chake cha kuzungushia.

Kwenye mdomo wa mtungi ukawaka mstari wa rangi ya chungwa, umepinda, unaozunguka kipande kidogo kama ukucha. Rangi hiyo naijua. Ni ule utomvu wa wadudu walioutumia maseremala wa zamani kung'arishia samani. Hakuna fundi wa vyombo anayegundishia nao. Seremala pekee, akiwa nyumbani, mtungi umevunjika, na chupa iko karibu. Nikawaeleza hivyo.

Mikono ya Raymond, ambayo haikutikisika tangu aingie, ilikuwa imeshikana.

"Hapo nilipavunja mimi," Pauline akasema gizani. "Kwa mpira."

"Ndiyo," Raymond akasema. "Nikapigwa mimi."

Nikafungua mapazia, maana kulikuwa na mambo mle ndani ambayo hayakunihusu. Pauline alikuwa analia bila kujifuta. Aliniuliza kama ninaweza kuirudisha rangi kwenye lile doa. Nikamjibu kama ninavyomjibu kila mtu: naweza kupaka wekundu ambao mtu akisimama mbali hatautambua, na akiinama atautambua, ndiyo sheria yetu. Lakini utakuwa wekundu wangu. Ule wa mwenyewe uko kwenye mfuko wake wa plastiki, na haurudi.

Akasema nipake. Raymond akasema hapana.

"Liache hivyo," akasema. "Na mtungi uchukue wewe. Ukikaa kwangu utaupima kila ukija."

Aliondoka kwanza. Nilimwona kutoka dirishani akilizunguka gari lake mara mbili kabla ya kulifungua. Pauline alikaa mpaka Wanjiru akamletea chai, akanywa, akauchukua mtungi aliokuwa ameugombania kwa miaka yote ile, na alivyoubeba ungesema ni mzigo wa mtu mwingine. Mfuko mdogo wa plastiki aliuacha mezani kwangu. Sikuutupa. Uko kwenye droo ya juu upande wa kushoto, vijana, na kabla hamjagusa chombo chochote kwa pamba, fungueni droo hiyo muutazame.

Kesi nyingine zilifuata, nyingi, na nyingi kati yake zilikuwa za watu waongo, ambao sitawataja kwa kuwa wengine bado wanaleta kazi. Ya Pauline na Raymond nilidhani imeishia hapo. Kisha mwaka huu wa mwisho, jumba moja la makumbusho mjini likaandaa maonyesho ya vyombo vya Wachina na Wagiriki wa kale pamoja, ubavu kwa ubavu, yaani ile meza yangu na Thanasi, ila wao waliiwekea vioo na taa. Wakaniomba nisaidie kupanga. Niliwashawishi waweke chupa nyeupe ya Kigiriki ya kaburini, na karibu yake mtungi wa Kichina wa kaburini, watu waone kwamba pande mbili za dunia, bila kuulizana, ziliamua wafu wapewe rangi isiyokaa. Walipotafuta mtungi, niliwatajia wa Pauline. Akakubali kuuazimisha.

Swali likawa upande upi uwatazame watu. Doa, kwa kawaida, tunaligeuzia ukutani. Wanjiru alimpigia Pauline kumuuliza, akarudi na jibu ambalo nililishuku papo hapo: doa likae mbele. Nikampigia mwenyewe. Nilidhani labda anataka watu waone kwamba karakana yetu ilishindwa kuliziba, au anataka kumchoma kaka yake mbele ya mji mzima.

"Nataka waone nilichokifanya," akasema. Sikuwa na swali jingine.

Siku ya kufungua nilisimama pembeni ya kile kioo, kama ninavyosimama siku zote, nikiwaangalia watu mikono. Raymond alikuja peke yake. Amezeeka zaidi. Hakuniona, au hakunikumbuka. Aliitazama chupa ya Kigiriki kwa adabu, akahamia kwenye mtungi, akakutana na doa uso kwa uso. Alisimama pale mpaka kundi la wanafunzi likaja likapita.

"Nani aliyeugeuza hivi?" akaniuliza, bila kugeuka. Kumbe alikuwa amenikumbuka.

"Dada yako."

"Kwa nini?"

Nikamwambia alichoniambia, neno kwa neno.

Alitoa simu mfukoni akatoka nje, akasimama juu ya ngazi za mbele. Kupitia kioo cha mlango nilimwona anaongea. Nami, kwa kuwa ndivyo nilivyo na sitabadilika tena, nikajiambia huyo anaulizia muda wake wa maegesho. Akaongea, akanyamaza, akasikiliza, akaongea tena. Kisha nikamwona Pauline. Alikuwa anapanda zile ngazi taratibu kutoka chini, mkono mmoja kwenye reli, na mwingine umeshika simu sikioni. Alifika ngazi moja chini ya kaka yake akasimama. Walikuwa wanatazamana, midomo yao ikisogea kwa zamu, simu zote mbili masikioni, na hakuna aliyekubali kuwa wa kwanza kukata.